Umemaliza digrii Marekani kwa viza ya F-1? Hesabu siku zako za OPT kabla hujagusa fomu

Wengi wanaoniuliza kuhusu OPT, kile kibali cha kufanya kazi inayoendana na ulichosomea baada ya kumaliza, wanataka kujua fomu inajazwaje, na fomu kwa kweli siyo ngumu, kinachowamaliza watu ni siku. Kwa hiyo kwanza toa I-20 yako, ile hati ya uanafunzi uliyopewa na chuo, uangalie tarehe ya mwisho wa programu, siyo siku ya mahafali wala siku ya pepa ya mwisho, ile iliyoandikwa pale ndo inayohesabiwa. Rudi nyuma siku 90, hapo ndo mlango unafunguka, nenda mbele siku 60, hapo unafungwa, na ombi lako liwe limeshafika USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, kabla haujafungwa.

Mimi nakushauri uombe mlango ukifunguka tu. OPT ni miezi 12 lakini lazima iishe ndani ya miezi 14 tangu umalize masomo, sasa ukituma dakika za mwisho na kadi yako ya kibali cha kazi ikachelewa, kusubiri kunakula miezi yako ya kazi na hairudi.

Ila huanzii USCIS, unaanzia ofisi ya wanafunzi wa kigeni hapo chuoni. Mshauri wako, yule wanayemuita DSO, anaingiza pendekezo la OPT kwenye SEVIS, mfumo wa serikali wa kumbukumbu za wanafunzi wa kigeni, halafu anakutolea I-20 mpya yenye OPT imeandikwa ukurasa wa pili, isaini, na kuanzia siku alipoingiza hilo pendekezo una siku 30 tu za kutuma I-765, ndo fomu yenyewe ya kuomba kadi. Hapa watu wametoka machozi jamani, mmoja anatuma kabla I-20 mpya haijatoka, mwingine anapandisha ile ya zamani kwa sababu ndo iliyokuwepo kwenye kompyuta, ombi linakataliwa na ada ndo imeenda hivyo. Na ada siyo ndogo, kuanzia Aprili 2024 iliwekwa dola 470 ukituma mtandaoni na dola 520 ukituma karatasi, angalia tovuti ya USCIS siku unayotuma maana huwa zinabadilika. Kwenye kundi la ombi andika (c)(3)(B), yenye A ni ya kazi kabla hujamaliza masomo na yenye C ni ya nyongeza ya STEM nitakayoieleza mwishoni. Kama huna namba ya Social Security iombe humohumo kwenye I-765, inakupunguzia safari.

Tarehe ya kuanza unachagua mwenyewe ndani ya zile siku 60 baada ya programu kuisha. Usiichague hovyo, kwa sababu kadi ikishatoka, tangu tarehe iliyoandikwa juu yake una siku 90 tu za kukaa bila kazi kwa kipindi chote, jumamosi na jumapili zinahesabiwa. Kama bado unatafuta, isogeze mbele. Na usianze kazi hata siku moja kabla kadi haijatoka na hiyo tarehe haijafika, hata bosi akikubembeleza.

Halafu anwani. Rafiki yangu alihama hosteli wiki mbili baada ya kutuma ombi, akaacha anwani ileile, kadi ikapelekwa mlango ambao hakai tena na posta hawakuisogeza kwenda alikohamia, ikarudishwa ilikotoka, na waliomuahidi kazi wakasubiri wakachoka wakamchukua mtu mwingine. Ningekuwa wewe ningeweka anwani ya mtu ninayemuamini ambaye hahami.

Ukipata kazi iwe ya masaa 20 kwa wiki au zaidi na iendane na ulichosomea, hata ya kujitolea inakubalika kwenye hii miezi 12 ya kwanza. Ingia SEVP Portal, tovuti ya serikali ya walio kwenye OPT, uandike mwajiri wako, ukibadilisha kazi au nyumba toa taarifa ndani ya siku 10, usipoandika mfumo unakuhesabu huna kazi na wewe uko ofisini unachapa kazi. Kingine, mshahara wa kwanza ukiingia soma hati ya malipo mstari kwa mstari. Ukiona wamekata asilimia 6.2 ya Social Security (mafao ya uzeeni) na 1.45 ya Medicare (bima ya afya ya wazee) na uko ndani ya miaka yako mitano ya kwanza ya kalenda Marekani kama mwanafunzi, kwa kawaida hukupaswa kukatwa, waambie watu wa mishahara warekebishe mapema.

Waliosoma sayansi, teknolojia, uhandisi au hesabu, ndo hiyo STEM, wana miezi 24 ya nyongeza. Mwajiri lazima awe kwenye E-Verify, mfumo wa serikali wa kuhakiki vibali vya kazi, mnajaza pamoja I-983, fomu ya mpango wa mafunzo kazini, kujitolea hapa hakukubaliki. Ombi linapokelewa kuanzia siku 90 kabla kadi haijaisha, ndani ya siku 60 tangu pendekezo jipya la DSO, na ukituma kabla kadi haijaisha unaendelea kufanya kazi mpaka siku 180 wakati unasubiri jibu. Printi ile risiti ya I-765 umpe mtu wa rasilimali watu mapema, maana wengi wakiona kadi imeisha tarehe wanakusimamisha hapohapo.