Somo: Kuchagua mahali pa kutia nanga katika visiwa vya Baleares

Wengi wanaokodi chombo cha matanga au katamarani kwa wiki moja huko Palma, Ibiza au Maó, katika visiwa hivi vya Hispania vilivyo Mediterania, huchagua ghuba za kulala kwa kutazama picha: maji ya rangi ya feruzi, miamba mirefu, msonobari uliouinamia mchanga. Picha hizo si za uongo, lakini hupigwa siku ya shuwari, na aghalabu hupigwa kutoka angani, ambako hakuna anayehitaji nanga. Somo hili linakwenda kinyume cha mpangilio huo. Tutaanza na chini ya bahari, tuje kwenye upepo, kisha sheria na nafasi, na mandhari tutayaacha mwisho, kwa kuwa ghuba nzuri za Baleares ni nyingi kiasi kwamba asiyeanza na uzuri hakosi uzuri.

Hatua ya kwanza: vifaa

Kabla ya kutia saini karatasi za makabidhiano, omba mnyororo wa nanga utolewe nje na uuhesabu kwa macho yako. Uliza urefu wake wote, alama za rangi zimepakwa kila baada ya mita ngapi, na swichi ya kukata umeme wa winchi ya nanga, yaani mashine inayovuta mnyororo, iko wapi. Hakikisha ipo alama nyeusi ya duara inayotundikwa upande wa omo (mbele ya chombo) mchana, na kwamba taa nyeupe ya usiku juu ya mlingoti inawaka. Tafuta pia miwani ya kuzamia; ikiwa haimo chomboni, inunue, kwa sababu utaihitaji kila siku.

Hatua ya pili: kilichopo chini

Hapa ndipo penye uzito wa somo zima. Sehemu kubwa ya maji ya pwani ya visiwa hivi imetandikwa nyasi za bahari ziitwazo Posidonia oceanica, ambazo hazioti popote duniani isipokuwa Mediterania. Si mwani, ni mmea kamili wenye mizizi, shina linalotambaa, maua na matunda, na katika maji maangavu huota hadi kina cha mita 40 hivi. Shina lake hutambaa sentimita chache tu kwa mwaka. Katika mwaka 2006, kati ya Ibiza na Formentera, watafiti walitambua mmea mmoja ulioenea kwa takriban kilomita 8, ambao umri wake unakadiriwa kufikia miaka 100,000. Nyasi hizo ni miongoni mwa sababu zilizoifanya UNESCO kuliweka eneo hilo kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1999.

Nanga inayong'olewa katikati ya nyasi hizo huacha shimo, na mnyororo unaozunguka usiku kucha hufyeka majani yote yaliyo katika njia yake. Kwa mwendo wa sentimita chache kwa mwaka, shimo hilo halitazibwa katika uhai wa aliyelichimba. Na maji maangavu ambayo watalii huyafuata yanatokana kwa sehemu kubwa na nyasi hizohizo, maana majani yake hutuliza maji na kuzifanya chembe zitue chini.

Serikali ya Baleares ilitoa amri namba 25 ya mwaka 2018 inayokataza kutia nanga juu ya Posidonia, kwa chombo cha ukubwa wowote, na wakati wa kiangazi boti za ulinzi hupita ghubani, wahudumu wake wakikuonyesha ulipo mchanga na kukutaka uhame. Nchini Ufaransa, pamoja na Corsica, vizuizi vilivyoanza mwaka 2019 vililenga hasa vyombo vya mita 24 na zaidi. Kwa hiyo mtu aliyezoea kusafiri huko asidhani kwamba udogo wa chombo chake utamkinga Formentera.

Kwa bahati njema, maslahi ya nyasi na maslahi ya nahodha ni mamoja. Nanga iliyoangukia juu ya majani huteleza, hukusanya furushi la majani kwenye ncha yake, na huonekana imeshika mpaka upepo uzidi. Mchanga huishika nanga kwelikweli. Ukitazama kutoka omo, jua likiwa juu na nyuma yako, mchanga unang'aa kwa rangi ya feruzi na nyasi ni giza la kibuluu. Fungua pia ramani ya nyasi kwenye simu kabla ya kufika. Serikali ya visiwa ina ramani yake, na programu ya Donia hutumiwa na wengi Mediterania.

Hatua ya tatu: upepo wa usiku

Kosa la kawaida ni kuchagua ghuba kwa upepo unaovuma wakati wa chakula cha mchana. Siku za joto, upepo wa bahari huanza kuvuma baada ya saa sita mchana na kufa jua likizama, na usiku hewa hugeuka ikatoka nchi kavu. Chombo kitageuka nacho, na mahali palipokuwa salama saa tisa alasiri huenda pakakusogeza kwenye miamba saa tisa usiku. Soma utabiri wa saa kumi na mbili zijazo, angalau, na uusome kwa majina ya huko: tramuntana hutoka kaskazini, llevant mashariki, migjorn kusini, ponent magharibi.

Tramuntana ndiyo inayoamua mengi. Inapovuma, pwani yote ya kaskazini ya Menorca haikaliki isipokuwa ndani ya ghuba ndefu kama ya Fornells, na pwani ya kaskazini magharibi ya Mallorca, chini ya milima ya Serra de Tramuntana, ina bandari moja tu yenye hifadhi ya kweli, yaani Port de Sóller. Sa Calobra, pale ambapo korongo la Torrent de Pareis linafika baharini, ni mahali pa ajabu; nendeni asubuhi ya shuwari, mle chakula, muondoke. Sipashauri pa kulala.

Kuanzia mwishoni mwa Agosti, ongezeni hadhari ya radi. Hata kabla ya hapo hakuna uhakika: tarehe 14 Agosti 2024 tufani la ghafla lilivisukuma vyombo vingi ufukweni Formentera, katikati ya msimu ambao watu huamini hauna mawimbi. Utabiri ukitaja radi, hata kwa uwezekano mdogo, usiku huo lipia nafasi bandarini.

Hatua ya nne: maboya na vibali

Baadhi ya ghuba zina maboya yaliyofungwa chini bila kudhuru nyasi, nawe hufunga kamba hapo badala ya kushusha nanga. Yako Espalmador na Caló de s'Oli huko Formentera, Sant Elm mkabala na kisiwa cha Sa Dragonera, na Fornells. Huwekwa nafasi mapema kwa njia ya intaneti, na Julai na Agosti hujaa haraka. Ukifunga, zamia ukague pete na mnyororo wa boya, kisha utumie kamba mbili.

Cabrera, kusini mwa Mallorca, ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1991, na kuingia kunahitaji kibali kilichoombwa kabla. Hulali kwa nanga yako. Unalala kwenye boya, katika bandari ya asili iliyofungwa karibu pande zote, ngome ya karne ya 14 ikiwa juu ya kichwa chako. Ukimya wake wa leo unashangaza ukikumbuka kwamba maelfu ya wafungwa wa Kifaransa wa vita vya Napoleon waliachwa hapo kuanzia mwaka 1809, na wengi wao hawakuondoka. Kwa maoni yangu ndiyo malazi bora zaidi katika visiwa hivi, na usumbufu wa kibali ndio unaoyafanya yawe bora.

Hatua ya tano: hesabu na kushusha

Tuseme kina ni mita 5, na omo iko mita 1.5 juu ya maji. Jumla ni 6.5; zidisha kwa 5, unapata takriban mita 33 za mnyororo kwa usiku wa kawaida. Upepo ukitarajiwa kuwa mkali, zidisha kwa 7. Ikiwa chombo kina urefu wa mita 12, kitazunguka katika duara lenye nusu kipenyo cha takriban mita 45. Duara zima, si nanga peke yake, linapaswa kuwa juu ya mchanga na mbali na jirani, kwa kuwa mnyororo nao unakatazwa kulala juu ya nyasi. Wengi hushusha nanga katikati ya doa zuri la mchanga lenye upana wa sebule, wakasahau kwamba mita 30 za chuma zitatandikwa nje yake.

Elekeza omo kwenye upepo, simamisha chombo, shusha nanga mpaka iguse chini, kisha acha upepo ukurudishe nyuma huku mnyororo ukitoka polepole, usiumwage rundo. Ukishatoka wote, rudi nyuma kwa injini taratibu, uongeze nguvu kidogo kidogo, na utazame vitu viwili vya nchi kavu vilivyo kwenye mstari mmoja, kama mti na pembe ya nyumba. Visipoachana, nanga imeshika. Kisha vaa miwani uingie majini: unatakiwa kuona nanga imezama mchangani karibu yote, na mnyororo umenyooka bila kugusa hata kishada kimoja cha majani. Washa kengele ya nanga kwenye simu, ile inayolia chombo kikihama mahali pake, na umwambie kila mmoja chomboni inalia vipi.

Hatua ya sita: mandhari

Sasa tufurahi. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba chombo kilichotia nanga huelekeza omo kwenye upepo, na meza ya chakula iko tezi, yaani nyuma. Kwa hiyo unachokitazama wakati wa chakula cha jioni ni upande ambako upepo unakwenda. Upepo ukitoka nchi kavu, utaona bahari wazi. Ukitaka kuona miamba, kaa omo na kikombe chako. Mbele ya Cala d'Hort, Ibiza, jabali la Es Vedrà limesimama baharini kwa takriban mita 400, nalo jioni ya shuwari halina mfano, ila ghuba hiyo iko wazi kwa upande wa kusini magharibi na chini yake mchanga na nyasi vimechanganyika. Pwani ya kusini ya Menorca, yenye Cala Macarella na Cala Turqueta, ina mawe meupe na misonobari. Ya kaskazini, kama Cala Pregonda, ina mawe mekundu na upweke zaidi. Mimi ningechagua kaskazini, siku tramuntana inapolala.

Zimeni taa za mapambo usiku, hasa karibu na miamba: ndege wa baharini aitwaye Puffinus mauretanicus, anayezaliana katika visiwa hivi tu na aliye katika hatari kubwa ya kutoweka, huchanganyikiwa na mwanga. Jenereta izimwe mapema. Kamba isifungwe kwenye miti ya ufukweni.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Mombasa: Assalamu alaykum, Nahodha. Sisi huku huhesabu bamvua na maji mafu kabla ya kutia nanga. Je, huko pia?

Jibu: Wa alaykumu salaam, dada. Kwetu maji hupanda na kushuka karibu mita 4 wakati wa bamvua. Baleares ni makumi machache ya sentimita, kwa hiyo hesabu hiyo iweke kando. Kuna jambo moja la pekee: Ciutadella, Menorca, hutokea rissaga, ambapo mabadiliko ya ghafla ya kanieneo ya hewa huyafanya maji ya bandari nyembamba yatoke na kurudi kwa dakika chache. Tarehe 15 Juni 2006 makumi ya vyombo yaliharibika humo. Idara ya hali ya hewa ya Hispania, AEMET, hutoa tahadhari. Ikitolewa, usilale Ciutadella.

Mwanachama aliyeko Ujerumani: Tukichelewa na jua likiwa limezama, tutatofautishaje mwamba na nyasi?

Jibu: Hamtatofautisha. Chochote cheusi kihesabuni kuwa nyasi. Mmoja wenu atangulie na kihori na tochi ya kuzamia, au nendeni kwenye bandari iliyo karibu. Ni bora kupanga kufika kabla ya saa kumi alasiri, kwani baada ya hapo nafasi za mchangani nazo huwa zimekwisha.

Mwanachama wa Dar es Salaam: Shikamoo Mwalimu. Ikiwa tunasimama saa mbili tu kuogelea, je, katazo la nyasi linatuhusu?

Jibu: Marahaba. Linawahusu sawasawa. Jeraha kubwa hutokea nanga inaposhuka na inapong'olewa, na hayo mawili hufanyika hata ukikaa dakika kumi. Zingatieni pia kwamba ndani ya mstari wa maboya ya manjano ya waogeleaji chombo hakiingii, na pasipo na maboya, mita 200 kutoka ufukweni huhesabiwa kuwa eneo la kuogelea, ambamo mwendo usizidi noti 3, yaani maili 3 za baharini kwa saa.

Mwanachama wa Muscat: Maganda ya tikiti na mabaki ya chakula, si samaki watayala?

Jibu: Ndugu yangu, Mediterania ni eneo maalumu katika MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia vyombo kuchafua bahari, na hata mabaki ya chakula hayamwagwi ndani ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu. Safari zenu za visiwani hazitatoka nje ya maili hizo mara nyingi, kwa hiyo yawekeni kwenye ndoo yenye kifuniko mpaka bandarini. Tangi la choo nalo lisifunguliwe ghubani kamwe.

Mwanachama wa Nairobi: Nikivuta nanga nikaona imekuja na furushi la majani, nifanye nini?

Jibu: Simamisha winchi, sogeza chombo taratibu mpaka mnyororo uwe wima kabisa, ndipo uinue moja kwa moja juu. Usivute kwa injini ukiwa pembeni. Majani yakiwa ya kahawia, huenda ni yale yaliyokufa na kukusanyika chini, na hayo hayana madhara; yakiwa ya kijani na yana mizizi, umeng'oa mmea ulio hai, na mahali hapo usiparudie.

Mwanachama wa Zanzibar: Na Cabrera ikijaa?

Jibu: Omba usiku wa katikati ya wiki, kwa kuwa wengi hutaka Ijumaa na Jumamosi. Ukikosa kabisa, lala mbele ya Es Trenc, upande wa kusini wa Mallorca, penye mchanga mwingi, lakini ikiwa tu upepo hautoki kusini wala magharibi, kisha uombe kibali cha mchana na uvuke asubuhi mapema kabla upepo wa bahari haujaanza.