Kubadili Vipimo vya Asali na Shira kutoka Ujazo hadi Uzito

Mpishi anayepima asali kwa kikombe hupoteza sehemu yake kila mara, kwa sababu kiasi kisichopuuzika hubaki kimenata ndani ya kikombe. Ndiyo maana nashauri kwa dhati kwamba asali, shira na molasi (shira nzito nyeusi inayobaki sukari inapotengenezwa) vipimwe kwa mizani.

Kanuni ni moja: chukua ujazo kwa mililita, uuzidishe kwa uzito wa mililita moja ya kitu hicho. Mililita moja ya maji ina uzito wa gramu 1, lakini asali, ambayo ni sukari nyingi iliyoyeyuka katika maji kidogo, hukaribia gramu 1.42, na kwa hiyo kikombe cha mililita 240 hutoa takriban gramu 340, wala si 240 kama wengi wanavyodhani. Kijiko kikubwa cha mililita 15 ni gramu 21 hivi. Molasi haitofautiani sana na asali. Shira ya mti wa mepo (maple) ni nyepesi zaidi, karibu gramu 1.33 kwa mililita, yaani gramu 320 kwa kikombe hichohicho.

Kabla ya kuzidisha, hakikisha ni kikombe gani kilichokusudiwa, kwani baadhi ya nchi hutumia cha mililita 250, na hapo asali hufikia gramu 355.

Weka bakuli la kuchanganyia juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha mimina polepole na uache kabla kidogo ya kufikia kiasi unachotaka, maana uzi wa asali huendelea kushuka hata baada ya chupa kuinuliwa, na kilichokwisha kuingia kwenye unga hakitoki.