Kabla ya kumimina petroli kwenye tangi la faibaglasi

Kama unajitengenezea ndege ndogo na tangi lake umelifinyanga kwa faibaglasi, subiri kwanza. Vibali vya Mamlaka ya Usafiri wa Anga vitafute mapema. Tundu la hewa la tangi liwekee wavu mwembamba, maana nyigu wa huku hawachelewi kuliziba kwa udongo. Kipachiko cha kutolea maji kikae pale chini kabisa, na kila asubuhi toa kidogo uangalie kama kuna maji. Povu jeupe linalokuja na televisheni lisikaribie tangi hata kwa bahati mbaya: petroli hulila kama chai inavyoila sukari.

Sasa resini, ile gundi ya majimaji inayoganda na kuishika faibaglasi. Hapa ndipo nilipoungua.

Kabla ya ndege nilikuwa nikitengeneza bampa za matatu hapa Nakuru, kwa hiyo nilijiona najua faibaglasi kuliko yeyote. Tulipofika kwenye tangi, mwenzangu akauliza tutumie resini gani. Nikamwambia ile ile ya bampa, poliesta ya kawaida, mbona haivuji? Na kweli haikuvuja. Tulifunga ndege kwenye mti kwa kamba, tukawasha injini, ikanguruma vizuri. Mvua za Aprili zikaanza, tukaiacha bandani wiki sita na nusu tangi la mafuta.

Tuliporudi, banda zima lilinuka duka la resini. Mafuta yalikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa. Tukawasha hivyo hivyo (ujinga wa pili), na tulipoiongezea moto ikakohoa ikafa. Kichujio kilijaa ute kama murenda uliolala, na vali ya kuingizia ilikuwa imenata. Ingetufia hivyo juu ya kreta ya Menengai, ningekuwa siandiki haya.

Mafuta yalikuwa na ethanoli. Pombe hiyo huingia ndani ya poliesta, huivimbisha na kuilainisha, kisha huondoka na vipande vya resini ambavyo havikushikana sawasawa. Vikifika kwenye joto la injini vinageuka gundi. Wala ethanoli si kitu kigeni kwetu: miaka ya 1980 petroli iliyochanganywa na ethanoli ya molasi kutoka Muhoroni iliuzwa nchini.

Kupima ni rahisi. Chukua chupa nyembamba ya kioo, tia maji kidogo, weka alama yalipofika. Jaza petroli, funga, tikisa, acha itulie. Yale maji yakionekana yamepanda juu ya alama, kuna pombe, kwa sababu pombe huiacha petroli ikajiunga na maji. Sisi tulipima yaliyobaki kwenye mtungi. Yalipanda.

Tukajaribu kuokoa tangi kwa dawa ya kupaka ndani. Ikabanduka kama maganda ya kitunguu. Mwishowe tulikata bawa kwa grinda ili kulitoa tangi.

Kwa hiyo tumia resini ya epoksi inayostahimili mafuta, au vinaili esta, na uiache ikauke kabisa kwa joto linalotakiwa. Baridi ya usiku wa Nakuru haitoshi. Kabla ya kujenga, tengeneza kipande kidogo cha faibaglasi kwa resini ile ile, ziba kingo zake, kipime uzito, kitumbukize kwenye chupa ya mafuta utakayotumia, mwezi mzima. Kikiongezeka uzito, au ukucha ukiacha alama, usijenge.

Mafuta ya taa yakichanganywa kwenye petroli nayo ni balaa. Wachanganyaji walizidi mpaka mwaka 2018 serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa. Petroli ya namna hiyo hugongesha injini. Ukipata ile ya ndege, ya buluu, lipa tu.

Faibaglasi haipitishi umeme, kwa hiyo umeme tuli unaweza kujikusanya wakati wa kumimina ukatoa cheche; basi unganisha waya kutoka shingo la tangi hadi kwenye injini, na usimimine kwa mtungi wa plastiki ukiwa na haraka. Zima simu. Weka mchanga karibu. Na yule jirani anayekuja kutazama ndege na sigara mdomoni, mrudishe getini, hata kama ni shemeji.