Kesi mahakamani na fedha zisizodaiwa: jinsi ya kuziweka vitabuni

Kabla ya kufunga hesabu, mwandikie wakili wa kampuni akupe orodha ya kesi zote, za Mahakama Kuu Dar es Salaam na za Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (ya migogoro ya kazi), na uwezekano wa kushindwa kila moja. IAS 37, kiwango cha kimataifa cha uhasibu kuhusu matengo, inapima hivi: tukio limeshatokea, uwezekano wa kulipa unazidi asilimia 50, kiasi kinakadirika. Yakitimia yote, weka tengo, yaani kiasi cha makadirio cha deni linalotarajiwa kulipwa. Mdai anataka milioni 40, wakili anakadiria 25? Debiti gharama milioni 25, krediti tengo. Uwezekano ukiwa mdogo zaidi, eleza kwenye maelezo ya hesabu tu. Ukiwa hafifu kabisa, acha.

Kosa kubwa ni kusubiri hukumu. Deni lilizaliwa siku ya tukio, na usipoliandika faida itaonekana kubwa kuliko ilivyo; ikishagawiwa hairudi kirahisi.

Mishahara na gawio la wanahisa ambavyo wenyewe hawajachukua? Usihamishie mapato mengine! Ni mali ya watu. Fungua akaunti ya dhima (deni la kampuni), kila jina na tarehe yake, namba ya hundi, kiasi, kisha watafute wenyewe kwa simu na barua, ukitunza nakala.