Namna ya kupata vitabu vya uwekezaji vinavyofuata mkondo wa uchumi wa Austria

Ndugu wanachama,

Wengi mlioomba somo hili mlikutana na jina la Mises au Hayek, wanauchumi wa mkondo ulioanzia Vienna, mji mkuu wa Austria, kwenye mazungumzo ya dhahabu au Bitcoin, mkatamani kusoma zaidi, mkakuta vitabu chungu nzima vinavyodai kufuata mkondo wa Austria. Sehemu kubwa ya vitabu hivyo vimeazima jina tu. Nataka mjue kuvichambua kabla hamjatoa pesa. Naliandika somo hili kwa moyo wote, maana mkondo huu ukisomwa vizuri humfunza subira mtu mwenye akiba ndogo kuliko semina nyingi za uwekezaji ninazoziona.

Shikeni jambo moja tangu mwanzo. Wanauchumi hawa wanaeleza kwa nini uchumi uliosimama juu ya mikopo rahisi huishia pabaya. Hawasemi lini. Mises alishikilia kwamba katika matendo ya watu hakuna viwango visivyobadilika kama vile vya fizikia, kwa hiyo hakuna hesabu ya kukupa tarehe. Mwandishi anayekutajia mwaka wa anguko ameshauacha mkondo huo, hata kama jalada lake lina picha ya Mises.

Hatua ya 1: Jua mawazo matatu unayoyatafuta

La kwanza ni thamani. Carl Menger, katika kitabu alichotoa Vienna mwaka 1871, alieleza kwamba thamani haimo ndani ya kitu wala haitokani na jasho lililokitengeneza. Inatoka kwa mtu anayekihitaji. Kwa mwekezaji maana yake ni hii: kampuni kutumia mabilioni kujenga kiwanda si sababu ya hisa zake kuwa na thamani. Swali ni nani anayehitaji kinachotoka humo, na kwa kiasi gani.

Menger pia alieleza jinsi pesa inavyozaliwa: kati ya bidhaa zote, ile inayouzika upesi kuliko nyingine huanza kupokelewa hata na asiyeihitaji, kwa kuwa anajua ataipitisha kwa mwingine. Pwani yetu ina ushahidi mzuri wa jambo hili. Reale ya Maria Theresa, sarafu ya gramu 28 iliyopigwa Vienna, ilikuwa na mwaka 1780 usoni hata ilipotengenezwa miongo mingi baada ya malkia huyo kufariki. Katika karne ya 19 ilipokelewa Zanzibar, Oman na Uhabeshi. Serikali ya Vienna haikuwa na nguvu ya kumlazimisha mfanyabiashara wa pembe au karafuu aikubali. Aliikubali kwa sababu alijua uzito wake, na alijua mwenzake wa Muscat naye ataikubali. Ukielewa hapo, umeshamwelewa Menger kuhusu pesa.

La pili ni muda. Eugen von Böhm-Bawerk alikuwa waziri wa fedha wa Austria mara tatu, na sura yake iliwekwa kwenye noti ya shilingi 100 ya nchi hiyo. Yeye alieleza kwa nini riba ipo: watu huthamini kitu cha leo kuliko kitu kama hicho cha mwakani. Akaongeza kwamba njia ndefu ya uzalishaji, ile inayoanza kwa kutengeneza zana, ikichaguliwa kwa busara hutoa zaidi ya njia fupi. Mtaji kwake ni muda uliofungwa ndani ya mashine, mifereji na maghala.

La tatu ni mikopo, nalo ndilo linalomgusa mwekezaji moja kwa moja. Mises alilianzisha mwaka 1912, Hayek akalipanua katika mihadhara yake ya London iliyochapishwa mwaka 1931. Benki zikiongeza mikopo bila wananchi kuongeza akiba, riba hushuka chini ya pale ambapo akiba ya kweli ingeiweka. Miradi mirefu ambayo jana haikulipa, leo kwenye karatasi inalipa. Watu wanaianza. Mises alifananisha hali hiyo na mjenzi anayedhani ana vifaa vingi kuliko alivyonavyo: anachimba msingi mpana kupita kiasi, kisha vifaa vinamwishia kuta zikiwa nusu. Kosa lilifanyika siku ya kuchora msingi, siku ambayo kila mtu alikuwa na furaha. Kitabu cha uwekezaji kinachokosa wazo hili ni kitabu cha kawaida kilichovaa nguo za Vienna.

Hatua ya 2: Tafuta kwa majina na kwa namba za rafu

Ukiandika neno Austria tu kwenye kisanduku cha kutafutia, utaletewa vitabu vya utalii. Andika majina ya waandishi. Kwa nadharia: Menger, Böhm-Bawerk, Mises, Hayek, Rothbard, Kirzner, Hazlitt. Kwa uwekezaji: Mark Spitznagel, Francisco García Paramés, Harry Browne, Rahim Taghizadegan na wenzake. Ukimpata mmoja, angalia yeye anawataja akina nani, nenda kwa hao.

Kwenye maktaba zinazotumia mpangilio wa Dewey, unaopanga vitabu kwa namba za mada, mkondo huu unakaa 330.157. Pesa ziko 332.4, misukosuko ya uchumi 338.542, uwekezaji 332.6. Vyuo vikuu vinavyofuata mpangilio wa Maktaba ya Bunge la Marekani vinauweka HB98. Msiishie kwenye rafu ya uwekezaji peke yake, kwa sababu vitabu bora vya mkondo huu vimewekwa kwenye rafu za pesa na misukosuko.

Nakala za bure za halali zipo, kwa hiyo hakuna haja ya kupakua za wizi. Mises Institute ya Auburn, Alabama, iliyoanzishwa mwaka 1982, imeweka wazi vitabu vikubwa vya Mises, vingi vya Rothbard, na kile kinene cha Jesús Huerta de Soto kuhusu benki. Foundation for Economic Education, ya tangu 1946, inatoa bure kitabu cha Hazlitt.

Hatua ya 3: Anza kurasa za nyuma

Kabla ya kununua, fungua faharasa. Mtafute Böhm-Bawerk. Akitajwa kurasa nyingi zilizofuatana, mwandishi ameijua nadharia ya mtaji. Kama hayupo kabisa, na Mises yupo ukurasa mmoja tu, nenda kwenye ukurasa huo: mara nyingi utakuta ni nukuu ya kupamba mwanzo wa sura. Kisha tazama yaliyomo. Je, kuna sura inayoeleza riba inatoka wapi, au sura zote ni za kuogopesha? Mwisho soma kurasa za mwisho kabisa. Zikikupeleka kununua sarafu za dhahabu kwa kampuni ya mwandishi au kujiunga na huduma yake ya kulipia kila mwezi, rudisha kitabu.

Hatua ya 4: Soma kwa mpangilio

Anza na Hazlitt, Economics in One Lesson, cha mwaka 1946. Alikuwa mwandishi wa magazeti na sentensi zake ni fupi. Fuatisha What Has Government Done to Our Money? cha Rothbard, kijitabu cha kumaliza wikiendi moja. Kisha makala ya Hayek ya mwaka 1945, The Use of Knowledge in Society. Humo kuna mfano wa bati: mahali fulani duniani bati limeadimika, bei inapanda, na maelfu ya watumiaji wanapunguza matumizi bila kujua sababu. Kwa mnunuzi wa hisa, hapo ndipo heshima kwa bei inapoanzia.

Sasa ndipo mwende kwa wawekezaji. The Dao of Capital ya Spitznagel (2013) ndicho kitabu ninachokipenda zaidi katika orodha hii. Ameichukua njia ndefu ya Böhm-Bawerk akaigeuza kuwa mkakati: kukubali kubaki nyuma sasa ili uwe na nguvu wengine wakiishiwa. Sura ya misitu ya misonobari inafaa kusomwa mara mbili. Miti hiyo haishindanii udongo wenye rutuba. Inakwenda kwenye miamba, inasubiri moto upite, ndipo mbegu zake zinashuka kuchukua ardhi iliyoachwa wazi. Tahadhari: mbinu yake ya kununua kinga kwa mikataba ya chaguo (inayompa mtu haki ya kuuza au kununua kwa bei iliyopangwa mapema) kwenye soko la Marekani si kitu ambacho mwekezaji wa kawaida wa Dar es Salaam anaweza kukiiga. Chukueni fikra.

Paramés, Mhispania, anafaa zaidi kwa mtu wa hisa. Anaeleza alivyochagua kampuni moja moja, na ameweka sura nzima kuonyesha jinsi mkondo wa Austria ulivyompa imani ya kushikilia hisa bei ikishuka. Browne, katika Fail-Safe Investing (1999), anagawa akiba mafungu manne sawa: hisa, hatifungani ndefu za serikali (hati za kuikopesha serikali kwa miaka mingi), dhahabu na pesa taslimu, kwa kuwa anakiri hajui kesho italeta nini. Huo ndio uaminifu ninaousifu.

Kile cha Taghizadegan na wenzake, Austrian School for Investors, kisomeni baada ya hivyo. Human Action ya Mises ina kurasa karibu 900. Kaeni nayo taratibu.

Hatua ya 5: Pima kitabu kwa mali uliyonayo

Mwaka 2022 Benki Kuu ya Tanzania ilishusha kuponi, yaani riba ya mwaka, ya hatifungani mpya za miaka 25 kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56. Mwenye ile ya zamani alibaki na karatasi ambayo wanunuzi wako tayari kuilipia zaidi. Chukua tukio hilo, uliulize kila kitabu: riba imeshuka kwa sababu akiba imeongezeka, au kwa sababu nyingine? Shilingi nitakazolipwa mwaka wa 20 zitanunua nini? Kitabu kisichokusaidia hata kuyapanga maswali hayo hakina kazi kwako, hata kama kimesifiwa New York.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Dodoma: Shikamoo mwalimu. Kiingereza changu ni cha kuungaunga. Nianzie wapi?

Marahaba. Anza na Hazlitt, sura ya kwanza tu, kisha sura ya dirisha lililovunjwa, ambayo ni fupi sana. Andika kwa Kiswahili, kwa maneno yako, kile ulichoelewa. Ukimaliza hizo mbili nenda kwa Rothbard. Mwache Menger na Böhm-Bawerk kwa sasa. Wazo lao utalipata ndani ya Spitznagel.

Mwanachama wa Mombasa: Ukisoma hawa wote, si jibu ni kununua dhahabu na kutulia?

Hapana, kaka. Baada ya msukosuko wa 2008 waandishi wengi waliojiita wa mkondo huu walitangaza kwamba mfumuko mkubwa wa bei Marekani uko mlangoni. Dhahabu ilifika karibu dola 1,900 kwa wakia mwezi Septemba 2011. Desemba 2015 ilikuwa karibu dola 1,050. Aliyekopa ili anunue kule juu aliumia vibaya. Mfumuko wa bei ulikuja kufika asilimia 9.1 Juni 2022, zaidi ya miaka kumi baadaye. Sababu waliitaja, tarehe wakaikosa. Dhahabu iwe fungu mojawapo.

Mwanachama wa Muscat: Mimi ni Mwislamu, na sehemu kubwa ya nadharia hii inazungumzia riba. Nisome?

Sina mamlaka ya kutoa fatwa, hilo waulize wanazuoni. Ninachoweza kusema ni kwamba Böhm-Bawerk anaeleza chanzo cha tofauti kati ya thamani ya leo na ya baadaye, na kuelewa chanzo hakukulazimishi kukopesha kwa riba. Kitabu cha Paramés ni cha hisa karibu chote. Na huenda Huerta de Soto akakuvutia sana: anadai kwamba pesa iliyowekwa benki kama amana itunzwe yote, wala benki isiikopeshe huku ikimwahidi mwenyewe kumrudishia saa yoyote.

Mwanachama wa Lubumbashi: Wazazi wetu waliona zaire, pesa ya nchi yetu wakati ule, ikifa. Kuna kitabu kinachoeleza jambo kama lile?

Rothbard, na kijitabu cha Hayek cha mwaka 1976, Denationalisation of Money, kinachotaka pesa zishindane. Na wewe unao mfano ambao Hayek hakuupata. Noti ya zaire milioni 5 ilipotolewa mwishoni mwa 1992, watu wa eneo la Kasai waliikataa. Januari 1993 askari wa Kinshasa walilipwa noti hizo, wafanyabiashara wakazikataa, na ghasia zikazuka. Baadaye mwaka huohuo serikali ikaleta zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Kasai waliendelea na noti kuukuu zilizochakaa, ambazo hakuna tena aliyekuwa anaziongeza. Soma Menger ukiwa na tukio hilo kichwani, kisha muulize mzee aliyekuwa na duka wakati ule alipokea noti zipi na kwa nini.

Mwanachama wa Nairobi: Unatupa upande mmoja tu. Wapinzani wao wanasema nini?

Swali zuri, dada. Piero Sraffa alimshambulia Hayek mwaka 1932 katika Economic Journal: katika uchumi usio na pesa kila bidhaa inaweza kuwa na riba yake, sasa ile riba moja ya asili anayoizungumzia Hayek, yaani ile ambayo akiba ya kweli ingeiweka, iko wapi? Milton Friedman, aliyekuwa rafiki wa soko huru, aliangalia takwimu za Marekani akaona ukubwa wa ustawi hautabiri ukubwa wa anguko linalofuata, kinyume cha nadharia ya Mises. Kwangu hoja ya Friedman ndiyo nzito zaidi kwa mwekezaji, kwa sababu inamzuia kuuza kila kitu kila anapoona soko limechangamka. Isomeni kabla ya kumfungua Spitznagel.