Kuvua trauti kwa flai mito ya Mlima Kenya na Aberdare kabla vuli haijaingia: hatua kwa hatua

Kama uko Nyeri, Kirinyaga, Embu, Nanyuki ama hata Nairobi na una wikendi moja ya bure mwezi wa tisa, toa rodi, ile fimbo ya kuvulia, kwa stoo sasa hivi, manake huu ndio wakati wenyewe. Trauti ni samaki wa maji baridi, na flai ni ndoano iliyofungwa nyuzi na manyoya ifanane na mdudu. Huku kwetu hakuna baridi kali ya theluji ya kufungua na kufunga msimu, kinachotawala mto ni mvua. Masika inajaza mito kuanzia Machi hadi Mei na maji yanakuwa mazito ya udongo, halafu Juni mpaka Agosti kuna ukungu na manyunyu na baridi ya kukausha vidole, lakini ikifika Septemba jua linatoka, maji yanashuka, yanakuwa meupe mpaka unahesabu mawe chini, na hali hiyo inaenda mpaka Oktoba katikati hivi kabla mvua za vuli hazijaanza. Panzi wamejaa kwenye nyasi za ukingo, trauti wanakula mchana kutwa. Ila maji meupe yana masharti yake: wewe ukimwona samaki, yeye alishakuona zamani. Kwa hivyo karibu yote nitakayoandika hapa ni kuhusu namna ya kumkaribia samaki bila kumshtua. Kurusha mbali sio shida ya mito yetu, mito yetu ni midogo.

Historia kidogo tu ndio ujue unavua nini. Trauti sio wa hapa. Ewart Grogan ndiye alileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Scotland akawaweka mto Gura mwaka 1905, na miaka michache baadaye wakaletwa trauti wa upinde wa mvua kutoka Afrika Kusini, na hao ndio wamejaa mito mingi leo. Kituo cha kuzalisha trauti cha Kiganjo, kando ya Sagana, kipo tangu 1948. Ukipata wa kahawia, mwenye madoa mekundu yaliyozungukwa na rangi hafifu, muangalie vizuri kabla hujamwachilia, ni samaki wa kizazi cha zamani sana hapa nchini.

Hatua ya 1: Chagua mto

Trauti anataka maji baridi yenye hewa nyingi, kwa hivyo panda juu, kwenye msitu ama ukingoni mwa msitu, tuseme mita 2,000 kwenda juu. Upande wa kusini na mashariki wa Mlima Kenya kuna Ragati, Thiba, Nyamindi na Rupingazi. Upande wa magharibi kuna Naro Moru, Burguret na Liki, lakini huko ujue watu wengi wanachota maji ya kumwagilia, na kiangazi sehemu za chini zinabaki mchirizi tu, kwa hivyo anzia ndani ya msitu. Aberdare kuna Gura, Chania na Mathioya. Kwa anayeanza mimi ningesema Thiba ama Ragati, mto una nafasi, una vidimbwi vizuri, na huhitaji kutembea siku nzima kufika.

Beba kipimajoto kidogo cha maji, ni bei rahisi. Nyuzi 10 hadi 16 ni safi kabisa. Ikikaribia 20 acha kuvua, panda juu zaidi ama rudi nyumbani, samaki aliyepigana kwenye maji ya joto anakufa hata ukimwachilia vizuri namna gani.

Hatua ya 2: Vibali na mtu wa kuandamana naye

Leseni ya kuvua inatoka idara ya uvuvi, na ukiingia ndani ya mbuga unalipa kiingilio cha KWS, shirika la wanyamapori, ukiwa msitu wa serikali unapitia kwa watu wa KFS, yaani wa misitu. Uliza hapo hapo getini masharti ya huo mto kwa mwaka huo, idadi na saizi ya samaki unaoruhusiwa kubeba, usitegemee alichokuambia rafiki.

Na tafadhali usiende peke yako. Huu ni msitu wa ndovu na nyati, na mto unapiga kelele kiasi kwamba huwezi kusikia matawi yakivunjika nyuma yako. Chukua askari wa wanyamapori ama kijana wa hapo anayejua njia, mlipe vizuri, na mkikubaliana yeye ndiye anaangalia msitu wewe unaangalia maji. Akisema turudi, mnarudi, hakuna kubishana.

Hatua ya 3: Vifaa

Rodi fupi ya futi 7 hadi 8, laini (ule uzi mnene wa kurushia) namba 3 ama 4 ya kuelea. Rili yoyote itatosha, kwa mito hii kazi yake ni kuhifadhi laini tu. Lida, uzi mwembamba unaounganisha laini na flai, futi 7 mpaka 9, inayoishia na tipeti, ile ncha yake nyembamba zaidi, ya 5X (hiyo ni namba ya unene). Anayeanza anahitaji kuelewa kitu kimoja hapa: flai haina uzito, kinachorushwa ni laini yenyewe, flai inafuata nyuma, ndio maana laini ni nene na rodi inapinda hivyo.

Kama rodi ya flai ni ghali kwako, kuna zile ndefu za kukunjwa zisizo na rili, unafunga kamba nchani na basi. Kwenye mto mdogo zinavua vizuri sana na mtoto anajifunza haraka.

Nguo: rangi ya msitu, sio nyeupe, sio nyekundu. Gumbuti zinateleza kwenye mawe yenye ukungu wa kijani, afadhali viatu vya kufunga vyenye soli inayoshika, ukubali tu kulowa. Sweta, koti la mvua, soksi za kubadilisha kwenye mfuko wa plastiki. Asubuhi huko juu ni baridi kweli na ukilowa unaweza kupoozwa na baridi hata ikweta. Ongeza miwani yenye lenzi za polaroidi, hiyo naihesabu muhimu kuliko rodi nzuri, inaondoa mng'ao wa maji unaona chini.

Hatua ya 4: Flai

Usibebe boksi tatu. Geuza mawe mawili matatu mtoni uone kuna nini: mabuu wadogo wenye mikia wanaokimbia pembeni ya jiwe, wengine wamejijengea vijumba vya mchanga, wale weusi walioshikilia jiwe pale maji yanapokimbia sana, na kaa. Trauti wakubwa wanakula kaa sana huku kwetu, watu hawajui.

Kwa hivyo mimi naweka hizi. Za kuzama: Pheasant Tail ama yoyote ya kahawia yenye shanga kichwani, saizi 14 na 16. Za kuelea: Adams ama Coachman saizi 14, na flai ya panzi ama mbawakawa saizi 12. Halafu Kenya Bug, flai nyeusi ya zamani ya hapa hapa, ambayo nimeona inavua wakati zingine zote zimekataliwa, hasa jioni na maji yakiwa na rangi kidogo.

Mpangilio wa Septemba: funga ya panzi inayoelea, halafu kwenye upinde wa ndoano yake funga kipande cha tipeti cha sentimita 40 hadi 60, mwisho wake ile yenye shanga. Ya juu inaelea, ya chini inazama, na ya juu inakuambia ya chini ikiguswa. Kabla ya kufunga chochote, chukua plaizi ubonyeze kile kimwiba cha ndoano kilale, inatoka rahisi kwa samaki na inatoka rahisi kwenye sikio lako pia.

Hatua ya 5: Soma maji kabla hujatoa laini

Hapa ndipo watu wanapoharakisha. Fika, kaa chini mita kadhaa kutoka ukingoni, usifanye chochote kwa muda. Trauti anaangalia juu mto unakotoka, kichwa kinakabili mkondo, manake chakula kinaletwa na maji. Hataki kupigana na maji ya kasi siku nzima lakini anataka kuwa karibu nayo, kwa hivyo tafuta pale maji ya haraka yanapopakana na maji ya polepole, ule mstari unaonekana, mara nyingi una povu juu yake. Povu linapita wapi, chakula kinapita hapo hapo. Fuata povu.

Sehemu za kuangalia kwa mpangilio: kichwa cha kidimbwi pale maji yanapomwagika kutoka kwenye mawe, samaki wanaokula kwa nguvu wako hapo asubuhi. Mbele na nyuma ya jiwe kubwa, na usidharau mbele, maji yakigonga jiwe yanaacha sehemu tulivu kama mto wa kulalia pale na samaki analala juu yake. Ukingo uliochimbwa chini na maji, hasa wenye mizizi ama nyasi zimening'inia, hapo panzi wanaanguka na hapo ndipo mkubwa anakaa. Na mwisho mkia wa kidimbwi, pale maji yanapopungua kina kabla ya kumwagika tena. Mkia ni hatari kwa mvuvi, manake huwa kuna samaki mdogo hapo, ukimshtua anakimbia juu kidimbwi chote na wenzake wote wanajua kuna kitu. Mvue huyo kwanza ama umpite mbali kabisa.

Ukiona samaki wawili wametulia juu ya kokoto safi iliyofagiliwa, kwenye maji ya kina kifupi, hao wanataga. Waache, na usikanyage hizo kokoto.

Hatua ya 6: Karibia na urushe

Unatoka chini unapanda juu, siku nzima, hivyo unamjia samaki kwa nyuma. Piga magoti. Tumia mawe na vichaka kujificha, kivuli chako kisianguke majini, ikibidi vuka upande mwingine kwa ajili ya jua. Usikanyage kwa kishindo, ukingo unatetemeka na samaki anahisi kwa mwili wake. Ukienda hivi unaweza kufika mita 5 ama 6 kutoka kwa trauti, na kwa umbali huo hata anayeanza juzi anaweza kuweka flai pale anapotaka.

Kurusha kwenyewe: fikiria uso wa saa kando yako, rodi inasimama kwenye 10 mbele na 1 nyuma, usizidishe. Vuta nyuma kwa nguvu inayoongezeka, simamisha ghafla, ngoja laini inyooke nyuma, peleka mbele, simamisha. Kule kungoja ndio kazi yote. Fanya mazoezi uwanjani nyumbani na kipande cha uzi mwekundu badala ya ndoano.

Lakini ukweli ni kwamba msituni nyuma yako kuna mianzi na miti na huna nafasi ya kurusha hivyo. Kwa hivyo jifunze namna mbili zingine. Ya kwanza, laini inabaki majini mbele yako, unainua rodi polepole mpaka laini inaning'inia kama tumbo nyuma kidogo ya bega, halafu unapiga chini mbele kwa haraka, laini inajiviringisha juu ya maji inaenda. Ya pili ni ya mahali pa kubana kabisa: shika flai kwa upinde wa ndoano katikati ya vidole, ncha isiangalie ngozi, vuta mpaka rodi ipinde, lenga, achilia. Inaingia chini ya matawi ambapo hakuna mtu mwingine ameweka flai mwaka mzima.

Hatua ya 7: Acha ielee, halafu inua

Flai lazima iende mwendo wa povu lililo kando yake. Ikivutwa na laini ikaanza kuchora mstari juu ya maji, samaki anaiacha, na mara nyingine anatoroka kabisa. Dawa ni rodi kuwa juu, laini kidogo iwezekanavyo iguse maji, na kama mkondo wa katikati unaibeba laini, irushe hiyo sehemu ya laini kuelekea mto unakotoka bila kusogeza flai.

Flai ya juu ikisimama, ikisita, ikizama hata kidogo, inua rodi. Mara nyingi itakuwa jiwe, inua tu. Lakini samaki akila ile ya kuelea kwenyewe, ngoja kidogo afunge mdomo akishuka ndio uinue, hasa wa kahawia, huyo hali kwa haraka. Rusha mara tatu nne mahali pamoja kisha songa mbele, samaki wa maji meupe akikataa mara tatu hatabadilisha mawazo.

Hatua ya 8: Akishaingia

Mlete haraka, lowesha mikono kabla ya kumshika, mweke kwenye wavu ndani ya maji, toa ndoano kwa plaizi. Usimfinye tumbo. Mshike akitazama mkondo mpaka aondoke mwenyewe. Wengi watakuwa sentimita 20 hadi 25, na kwa mto wa mlimani huyo ni samaki mzima wa heshima. Ukibeba wa kula, beba wale utakaomaliza jioni hiyo, ndani ya kile leseni inaruhusu, uwatumbue mapema uwafunge kwenye majani mabichi. Chumvi, siagi, sufuria moto, dakika chache kila upande. Usimharibu na pilipili nyingi.

Hatua ya 9: Angalia juu

Asubuhi mlima huwa wazi, saa sita saba hivi mawingu yanapanda, na mchana kunaweza kunyesha huko juu wakati wewe uko kwenye jua. Ukiona majani na vijiti vinaanza kuelea kwa wingi, maji yanabadilika rangi, sauti ya mto inakuwa nzito, toka majini upande wa gari saa hiyo hiyo, usiseme nimalize kidimbwi hiki. Gura hasa inapanda haraka, ina mteremko mkali.

Mvua zikishika kabisa Oktoba mwishoni na Novemba, mito iache. Kausha laini, osha viatu na brashi usihamishe uchafu wa mto mmoja kwenda mwingine, na ukiwa na miguu ya kupanda kuna maziwa ya juu Mlima Kenya kama Rutundu na Alice ambayo hayachafuki kama mito. Mito yenyewe itakuwa tayari tena kuanzia Januari.