Kujifunza Kuchora Sura kwa Rangi za Mafuta kwa Kunakili Kazi ya Raphael

Anayeanza kujifunza kuchora sura kwa rangi za mafuta asikimbilie Mona Lisa, picha maarufu ya Leonardo da Vinci, kwa kuwa vanishi yake (utando wa kulinda picha) imegeuka manjano kwa uzee na vivuli vyake ni laini mno kwa mkono usiozoea. Picha inayofundisha vizuri zaidi ni ile ya Baldassare Castiglione, mwandishi na mwanadiplomasia wa Italia, aliyoichora Mwitaliano Raphael mnamo 1514 hadi 1515, ambayo sasa imo katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Wachoraji wakubwa wa baadaye walijifunza kwayo: Rubens aliinakili, Rembrandt aliichora kwa kalamu ilipokuwa ikinadiwa Amsterdam mwaka 1639, na Matisse naye akainakili. Karibu yote ni nyeusi, kijivu, nyeupe na kahawia, kwa hiyo mwanafunzi hulazimika kushughulika na mwanga na kivuli kabla ya kushawishiwa na rangi.

Picha ya asili ina urefu wa sentimita 82 na upana wa 67; nusu ya vipimo hivyo yatosha. Paka turubai kahawia nyepesi iliyozimuliwa kwa tapentaini, iache ikauke, kisha igawe kwa miraba yenye idadi sawa na ile uliyoichora juu ya nakala iliyochapishwa, na uhamishe mistari mikuu kwa mkaa. Pima kwa makini nafasi kati ya macho, pua na mdomo, kisha tazama mchoro wako katika kioo, kwani kioo hufichua upotovu ambao jicho limekwisha kuuzoea.

Hatua inayofuata ndiyo yenye somo lenyewe. Kwa kahawia na nyeupe tu, jenga uso mzima huku ukifinya macho ili uone maumbo makubwa ya kivuli: ubavu wa pua, chini ya kofia, na pale ndevu zinapoyeyukia kwenye vazi. Usiguse nywele moja moja. Ukingo wa kofia ni mkali mahali fulani na hafifu mahali pengine, na tofauti hiyo ndiyo inayokifanya kichwa kionekane kuwa na uzito; wengi huipuuza.

Tabaka hilo likikauka, ongeza rangi ya ngozi kwa nyeupe, manjano ya udongo, nyekundu ya udongo na nyeusi kidogo. Kila tabaka liwe na mafuta ya kitani mengi kuliko la chini yake, la sivyo rangi itapasuka. Matambara yenye mafuta hayo yaanikwe yakiwa yametandazwa, kwa kuwa yakirundikwa huweza kuwaka yenyewe. Vanishi ingoje miezi sita hivi.